Hatari ya Neno 'Sawa' Katika Duka la Vipuri

Waliotuachia methali kwamba akiba haiozi hawakuwa na tairi akilini. Tairi huoza. Huoza likiwa limening'inizwa chini ya trela, likiwa halijawahi kugusa lami hata kwa kilomita moja, kwa kuwa jua na hewa huukausha mpira pasipo kungoja ruhusa ya barabara. Na hata lisipooza, akiba ya gurudumu ina sharti ambalo akiba ya mahindi haina. Debe la mahindi ya jirani litaingia ghalani mwako bila swali. Gurudumu la jirani, hata liwe jipya namna gani, huenda lisiingie kwenye chombo chako. Au, jambo lililo baya zaidi, likaingia.

Ni hilo la mwisho ninalotaka kulijadili leo, wenzangu walimu nanyi wanafunzi wetu, kwa sababu naliona kuwa suala la lugha kabla ya kuwa suala la ufundi.

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu trela yenyewe. Mkenya akilisikia neno hili huliona lori refu la Barabara ya Mombasa. Malori hayo simo katika habari zake leo, nayo hayana shida kubwa ya gurudumu la akiba: mengi ya yale yenye asili ya Ulaya yalikwisha kukubaliana juu ya boliti 10 zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 335, hata dereva aliyekwama Mariakani aweza kuazimwa gurudumu na mwenzake asiyemjua. Trela ninayoikusudia ni ile ndogo ya magurudumu mawili ambayo hufungwa nyuma ya pikapu ikabeba maji, kuni, mbuzi au viti vya arusi. Hii haina makubaliano yoyote. Baadhi zimeundwa na mafundi wa jua kali kwa ekseli ya gari lililokufa, na usipomuuliza aliyeiunda hutajua lilikuwa gari gani. Nyingine zimeletwa kutoka ng'ambo pamoja na vipimo vya huko. Wanafunzi wa isimu wanaukumbuka mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930. Trela ndogo hazijapata mkutano wake. Kila moja ingali inasema lahaja yake.

Iko shule moja ya kutwa katika eneo kame la Ukambani ambayo mimi ni mmoja wa wanahalmashauri wake. Shule hiyo ilipewa trela na marafiki wa Ujerumani, nayo, kama ilivyo ada ya trela nyingi ndogo za huko, ilikuja bila gurudumu la akiba. Juu yake paliwekwa tangi la lita 1000. Kwa muda mrefu trela hiyo ndiyo iliyokuwa kisima cha shule. Siku moja tairi la kushoto lilipasuka, na kabla dereva hajatambua, rimu ilikuwa imekwisha kupindwa na mawe. Dereva wa gari huhisi usukani ukimtetemekea mikononi. Trela haina usukani, na msiba wake hufika masikioni mwa dereva ukiwa umekwisha kutimia.

Mwalimu aliyekabidhiwa jukumu la maji aliipiga picha rimu iliyopinda, akaituma kwa simu kwa muuzaji mmoja jijini, kisha wakazungumza. Mazungumzo yenyewe nilisimuliwa baadaye, na hayakuwa marefu.

"Ni nati ngapi, mwalimu?"

"Tano."

"Nambari ya rimu?"

"Kumi na nne."

"Ninalo. Hilo ni sawa kabisa."

Jioni gurudumu liliwasili kwa matatu. Lilikuwa na matundu matano, lilikuwa na nambari 14, na tairi lake liliandikwa 185/65 R14, sawasawa na lile lililopasuka. Kijana wa pale sokoni alilifunga. Boliti mbili za mwisho zilikuwa ngumu kidogo, akazikaza kwa bomba refu, akasema gurudumu lingejiketi lenyewe likianza kutembea. Liliketi kwa safari mbili. Katika safari ya tatu, mzee mmoja mwenye karakana kando ya barabara aliisimamisha pikapu kwa kuipungia mkono, kwa kuwa alikuwa ameliona gurudumu la trela likicheza kama mtu aliyelewa. Boliti moja ilikuwa imekwisha kudondoka, na nyingine mbili zilikuwa zikizunguka kwa vidole. Mita kama mia mbili mbele ya hapo kuna mteremko, na chini ya mteremko huo kuna shule ya msingi ambayo watoto wake hutoka saa hiyo hiyo.

Nilipofika kesho yake, mzee yule alinionyesha kile alichokiona. "Daktari, angalia hapa," akasema, na kuweka kidole ukingoni mwa tundu. Kila tundu lilikuwa na alama ya mng'aro upande mmoja tu, upande wa ndani, mahali chuma kilipokuwa kikisuguana na chuma. Hakuhitaji kipimo kujua kilichotokea, lakini alikichukua kipimo kwa heshima yangu. Duara la matundu ya rimu lilikuwa na kipenyo cha milimita 114.3. Duara la kitovu cha trela lilikuwa na milimita 112.

Tofauti ni milimita 2.3. Maana yake ni kwamba gurudumu likikaa katikati, kila boliti huwa imekosa mahali pake kwa zaidi kidogo ya milimita moja. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa jicho, wala picha ya simu haiwezi kukidhihirisha. Lakini ni kikubwa vya kutosha kuizuia boliti isikae kwenye kikao chake, na boliti isiyokaa hupindwa kidogo kwa kila mzunguko wa gurudumu, hadi ilegee au ikatike.

Namba 114.3 humfanya msomaji ashangae. Ni nani aliyekaa akachagua kipimo chenye nukta namna hiyo? Hakuna. Ni tafsiri. Inchi nne na nusu, zikigeuzwa milimita, ni 114.3 barabara, inchi tano na nusu ni 139.7, inchi sita na nusu ni 165.1. Vipimo hivi vitatu vilizaliwa katika inchi, vikahamia katika milimita vikiwa bado na lafudhi ya kwao. Kile cha 112 kilizaliwa katika milimita, nacho ni cha kawaida katika magari ya Mercedes-Benz, katika magari mengi ya Volkswagen ya miaka hii, na katika trela za Ulaya. Magari mengi ya Kijapani yanayojaa katika barabara zetu yana 114.3 yakiwa na matundu matano. Hivyo basi trela ya Kijerumani ikipasukiwa nchini Kenya, gurudumu litakaloipata upesi ni lile linalokaribia kuwa lake.

Sasa turudi kwa muuzaji. Wako waliotaka ashtakiwe. Mimi sikuona kwamba alidanganya. Alisema 'sawa', na neno hilo tulilolipokea kutoka Kiarabu limebeba mizigo mingi kupita hiyo trela. Twasema watoto hawa ni sawa kwa umri, tukimaanisha kwamba wanalingana. Twasema 'sawa!' tukimaanisha kwamba tumekubali. Twasema mambo ni sawa, yaani hayana kasoro. Muuzaji alisema gurudumu lake halina kasoro, na kweli halikuwa nayo. Mwalimu akasikia kwamba linalingana na lake. Kila mmoja alitumia neno sahihi. Kati ya maana hizo mbili palikuwa na milimita 2.3 na watoto wa shule ya msingi.

La kusikitisha ni kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Vitu viwili huweza kufanana, yaani sura zao zikakaribiana. Huweza kulingana, yaani vipimo vyao vikawa vimoja. Huweza kuoana, yaani kimoja kikafaa kuwa pamoja na kingine hata kama havifanani hata kidogo, kama rimu na kitovu chake. Watu wa pwani husema kanzu imemwenea mtu, nao wa bara husema kiatu kinamtosha. Rimu ile ilifanana na ya kwanza, haikulingana nayo, wala haikuoana na kitovu. Sentensi hiyo moja, kama ingesemwa kwenye simu, ingeokoa nauli na mengineyo. Badala yake tuna 'sawa', na siku hizi tuna picha, ambayo ni 'sawa' isiyo na sauti.

Nimewasikia wasomi wakidai kwamba lugha yetu haina msamiati wa karakana. Sikubaliani nao, ingawa nakiri kwamba sisi walimu tumeuvuruga. Tunawasahihisha wanafunzi kwa wino mwekundu waandike 'vipuri', ilhali katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile iliyoitwa Grogan zamani, ukiomba kipuri utaangaliwa mara mbili. Pale ni spea. Kamusi zinatupa 'kitovu' kwa lile jicho la katikati ambalo gurudumu hufungwa, nao mafundi wengi husema habu. Kile kipenyo cha duara la boliti mafundi hukitaja kwa herufi tatu za Kiingereza, pi-si-di, na wengi wao wanajua kukipima bila kujua herufi hizo ni ufupisho wa nini. Katika isimujamii tunafundisha sajili ya mahakamani, ya hospitalini na ya sokoni. Sajili ya karakana huguswa kwa mzaha, kana kwamba ni matusi na kelele tu. Laiti tungeisikiliza, tungekuta kwamba ndiyo sajili inayovumilia utata kwa uchache zaidi, kwa kuwa utata wake hupimwa barabarani.

Tairi lenyewe ni matini, nalo limeandikwa pande zote mbili. Chukueni lile la trela yetu: 185/65 R14 93 N. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kikiwa asilimia 65 ya upana huo. Kumi na nne ni kipenyo cha rimu, kwa inchi. Naam, mstari mmoja unatumia vizio viwili vya kupimia, nao hauoni haya. Herufi R wengi huisoma kuwa ni rimu, na wengine nusu kipenyo. Sivyo. Ni radiali, yaani namna nyuzi za ndani ya tairi zilivyolazwa kutoka ukingo hadi ukingo, ufundi ambao Michelin waliuandikishia hataza mwaka 1946. Tairi la radiali na lile la nyuzi zilizopishana hayafai kuwekwa pamoja kwenye ekseli moja.

Mwisho wa mstari ndipo wasomaji wengi huchoka, na ndipo penye uzito, kwa maana zote mbili. Namba 93 si kilo 93. Ni nambari ya jedwali, na jedwali husema kwamba tairi hilo hubeba kilo 650. N ni mwendo usiozidi kilomita 140 kwa saa. Tairi lililoletwa kwa matatu liliandikwa 185/65 R14 86 H. Maneno ya mwanzo ni yale yale, hata nukta haikubadilika. Lakini 86 ni kilo 530, na H ni kilomita 210 kwa saa. La kwanza ni hamali, la pili ni mkimbiaji. Kibao cha trela kilisema uzito wote usizidi kilo 1300, yaani kilo 650 kwa kila gurudumu, nasi tulikuwa tunabeba lita 1000 za maji, ambazo ni kilo 1000, juu ya trela na tangi vyenye kilo 280 hivi. Piga hesabu. Hata matundu yangelingana, tairi lile lingekuwa limebebeshwa zaidi ya kilo 100 kupita uwezo wake, kila safari, kwenye barabara ya mawe.

Nitawapotosha kidogo kutoka njiani, maana jambo hili hunifurahisha. Katika orodha ya herufi za mwendo, S ni 180, T ni 190, U ni 200, kisha inayofuata si V bali H, 210, ndipo ije V, 240. H imetoka wapi hadi kujipenyeza hapo? Imekuwapo tangu mwanzo. Zamani palikuwa na S, H na V tu. Zile nyingine ziliingizwa baadaye kwenye nafasi zilizobaki, na hakuna aliyethubutu kumhamisha mwenyeji. Wanaofundisha historia ya lugha na mikengeuko ya ngeli wataelewa kwa nini nilicheka peke yangu katika karakana.

Yapo mengine ambayo rimu haiyasemi mpaka iulizwe. Tundu kubwa la katikati lisipopita kwenye kitovu, hakuna gurudumu. Herufi ET zilizochongwa kwenye rimu, ambazo ni za neno la Kijerumani Einpresstiefe, hutaja ni milimita ngapi uso unaogusa kitovu umesogea kutoka katikati ya rimu. Zikipitiliza upande mmoja, tairi hukwaruza fremu, na zikipitiliza upande mwingine, hukwaruza madigadi. Kisha kuna kikao cha boliti. Kuna boliti ambazo shingo yake ni pia, na kuna ambazo shingo yake ni ya mviringo kama nusu ya mpira. Ukiitia pia katika kikao cha mviringo, vyuma hugusana kwa ukingo mwembamba tu, na boliti hulegea hata ukiikaza kwa nguvu za ng'ombe. Aidha, tarehe: namba nne za mwisho kwenye msimbo unaoanza kwa herufi DOT ni wiki na mwaka, hivi kwamba 2419 ni wiki ya 24 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hata ukipewa bure, umepunjwa.

Namna ya kupima ile pi-si-di haihitaji zaidi ya rula na akili. Penye matundu manne au sita, pima kutoka tundu moja hadi lile linalolikabili, ukingo wa kushoto hadi ukingo wa kushoto, kwani katikati ya tundu hakuna kitu cha kushikia rula. Matano yana hila, kwa sababu hakuna tundu linalokabiliana na jingine. Ruka moja, pima hadi la pili yake, kisha gawanya kwa 0.951, ambayo ni saini ya nyuzi 72. Rimu ya 112 itakupa 106.5, ya 114.3 itakupa 108.7. Wengine hupima matundu yanayopakana, lakini hapo tofauti inashuka hadi milimita moja na kidogo, na rula ya shule haiaminiki kwa kiasi hicho.

Mzee wa karakana alitupa njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha vitovu vyote viwili, viwe vya kipimo kilichozoeleka hapa nchini, ili gurudumu la akiba lipatikane katika kila soko. Mimi niliiunga mkono. Mhasibu wa shule akauliza fedha zitatoka wapi, na mjadala ukafa. Ya pili ni kuzitafuta rimu tatu za gari moja kuukuu la Kijerumani, pamoja na boliti zake zenye shingo ya mviringo, na kuzivika matairi ya pikapu ya 185 R14 C, ambayo kila moja hubeba kilo 850 nayo hayakosekani madukani. Rimu tatu kwa pamoja, si moja, kwa kuwa matairi hayo ni marefu kuliko yale ya awali kwa zaidi ya sentimita 5, na trela haiwezi kwenda mguu mmoja juu mmoja chini. Alipima mwanya chini ya madigadi kabla hatujatoa shilingi. Alikaza boliti kwa kuvuka, si kwa kuzunguka, na baada ya kilomita 50 akaagiza trela irudishwe azikaze tena.

Kwenye mkono wa trela hiyo sasa pamepakwa maandishi kwa rangi nyeupe: boliti 5, duara 112, rimu 14, tairi 185 R14 C, shingo ya mviringo. Mwalimu wa hisabati aliwapeleka wanafunzi wake uani wakahakikishe namba ya pili kwa rula zao, katika makundi sita. Matano yalipata kati ya 111 na 113. La sita lilipata 114, likashikilia kwamba ndilo lililopima vizuri, naye akawarudisha wakapime tena.